Namna ya kumtega nzi wa maembe kwa harufu anayoifuata

Ndugu zangu wa Yumbe na Arua mnaolima maembe, hii mitego ya chupa inafanya kazi kweli, ila lazima ujue unamtega nzi gani.

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa matundu matatu manne upande wa juu, alafu ndani ning'iniza pamba yenye methili yujenoli (harufu inayovuta nzi dume) na dawa kidogo ya kuua wadudu. Mikono yenye dawa isiguse nje ya chupa kabisa, maana nzi watatua hapo hapo nje wasiingie. Waya wa kutundikia upake grisi, bila hivyo sisimizi wanashuka wanabeba mizoga yote na wewe unafikiri mtego haushiki kitu. Tundika kwenye kivuli, embe zikiwa bado ndogo.

Sasa kwa nini anaingia? Huyu nzi mgeni, Bactrocera dorsalis, alitoka Asia, Kenya walimwona 2003 na hapa Uganda 2004. Dume anaila methili yujenoli kwenye maua, mwili wake unaibadilisha, anaiweka kwenye tezi huko nyuma karibu na njia ya haja, alafu jua likizama anaitoa huku anapiga mabawa kuita majike. Na jike anamchagua huyo kuliko yule ambaye hajaila! Kwa hiyo dume anayeifuata anazaa zaidi, wanawe nao wanaifuata, kizazi baada ya kizazi mpaka leo akiinusa hawezi kuipita. Mi naona ni ajabu sana, hamu hiyo hiyo iliyompa watoto ndiyo inamuingiza kwenye chupa.

Lakini nzi wetu wa asili, Ceratitis cosyra, harufu zake zilipita njia nyingine, methili yujenoli haimvuti, yeye anafuata terpinili asetati. Ndio maana unakuta embe zina funza na chupa iko tupu. Kila wiki mwaga mizoga kwenye karatasi nyeupe uangalie: mwenye mistari ya njano mgongoni na alama nyeusi kama T tumboni ndio yule mgeni.

Kumbuka hapo umeshika madume tu, majike bado wanataga. Embe zilizoanguka ziokote kila siku, zifunge kwenye kavera (mfuko wa plastiki) nyeusi, ziache juani mpaka funza wafe.