Intaneti ya simu inasuasua? Soma alama kwanza

Mistari ya mtandao ikijaa pale juu ya kioo, inaonyesha tu jinsi simu inavyousikia mnara. Kasi ni habari nyingine: inategemea kizazi cha mtandao ulichoshika na wingi wa watu mnaogawana mnara huo.

Hatua ya 1: Zima Wi-Fi, washa data, utazame herufi iliyo kando ya mistari. G na E ni 2G. Kikomo cha E kinadharia hakifiki hata nusu megabiti kwa sekunde. Meseji zitapita, video sahau. 3G, H na H+ ni kizazi cha tatu, na H+ hufika megabiti 21 au hata 42. Kwa 4G, simu nyingi za kawaida zinaishia 150. Hizo ni namba za maabara, mtaani utapata sehemu yake tu.

Hatua ya 2: Ukibaki kwenye E au H wakati wenzako wa mtandao huohuo wana 4G, ingia Mipangilio, sehemu ya SIM, utafute aina ya mtandao unaopendelewa. Chagua ile inayoanzia kizazi cha juu na kushuka yenyewe. "LTE pekee" (LTE ndiyo 4G) iache. Simu au laini isiyo na VoLTE (kupiga na kupokea simu kupitia 4G) hushuka hadi 3G au 2G ili kupokea simu. Ukiifungia njia hiyo, anayekupigia ataambiwa hupatikani. Bado hakuna 4G? Laini ya zamani ya enzi za 2G haiwezi kuishika, kaibadilishe. Na kwenye baadhi ya simu za laini mbili za miaka ya nyuma, tundu moja tu ndilo lenye 4G.

Hatua ya 3: Fungua Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM, usome nguvu ya mawimbi kwa dBm. Namba ni hasi, kwa hiyo -85 ni bora kuliko -110. Kila ikishuka kwa 10, nguvu imebaki moja ya kumi. Kwenye 4G, ukipita -110 sogea dirishani upime tena.

Hatua ya 4: Pima kasi asubuhi na usiku. Megabiti gawanya kwa 8 upate megabaiti: 20 Mbps ni MB 2.5 kwa sekunde, faili la MB 100 litachukua sekunde 40. (Kipimo chenyewe kinakula bando, sekunde 10 kwa 50 Mbps ni zaidi ya MB 60.) Mawimbi mazuri lakini kasi inaporomoka usiku? Mnara umeelemewa, na hakuna mpangilio wa simu utakaolitibu hilo.

Hatua ya 5: 4G inaonekana ila hakuna ukurasa unaofunguka, na bando lipo. Washa hali ya ndegeni sekunde 10, zima. Ikigoma, rejesha APN (mpangilio unaoiunganisha simu na intaneti ya mtandao wako) ya chaguomsingi. Ukiiandika mwenyewe, kagua mwisho wa jina: kibodi hupenda kuacha nafasi tupu pale, nayo haionekani kwa macho.