Sukari ikishuka ghafla fanya hivi
Insulini ni homoni inayoshusha sukari kwenye damu, homoni nyingine, glukagoni, inapandisha kwa kuliambia ini liachie akiba yake ya sukari, zinavutana hivyo siku nzima. Sasa mtu wa kisukari akijichoma insulini afu asile, upande wa insulini unazidi sukari inashuka, adrenalini (homoni ya dharura ya mwili) nayo inaingia kusaidia ndo maana unamuona anatetemeka na jasho linamtoka. Pima, ikiwa chini ya 4 (mmol/L) mpe soda nusu ya ile chupa ya glasi (sio soda ya zero jamani, haina sukari) au glukosi gramu 15, subiri dakika 15 upime tena, bado iko chini rudia. Ikipanda ale hata chapati. Akizimia usimmiminie kitu mdomoni, mlaze ubavu mkimbize hospitali.