Kupanga namba za watumiaji kati ya neimspesi za Linux

Namba ya mtumiaji peke yake haisemi ni nani. Sifuri (namba ya root, msimamizi mkuu) ya ndani ya kontena, yaani programu zilizotengwa na mashine, inaweza kuwa 1000 kwenye mashine yenyewe. Tangu kerneli (kiini cha Linux) 3.8 ya mwaka 2013, mtumiaji wa kawaida anaweza kujifungulia neimspesi yake, yaani eneo lenye hesabu yake ya namba za watumiaji. Kinachowakwamisha wengi ni ramani ya namba, inayolinganisha za ndani na za nje.

Anza na `/etc/subuid` na `/etc/subgid`, mafaili yanayogawa namba za ziada za watumiaji na za makundi. Utafute mstari kama `juma:100000:65536`, yaani Juma amepewa namba 65,536 kuanzia 100000. Fungu lake lisiingiliane na la mtu mwingine, la sivyo kontena zao zitagusiana mafaili. Kwenye Debian na Ubuntu weka pia pakiti ya `uidmap`, yenye amri za `newuidmap` na `newgidmap`.

Dirisha la kwanza, andika `unshare --user bash`, kisha `id -u`. Itatoka 65534, namba ambayo kerneli humvisha kila asiye kwenye ramani. Usishtuke. Pata namba ya mchakato kwa `echo $$`. Tuseme ni 4321, na namba zako za mtumiaji na kundi zote ni 1000. Dirisha la pili:

`newuidmap 4321 0 1000 1 1 100000 65536`
`newgidmap 4321 0 1000 1 1 100000 65536`

Baada ya 4321 soma tatu tatu: ya ndani, ya nje, idadi. Sifuri ya ndani ni wewe. 1 ya ndani ni 100000. Basi 33 ya ndani ni 100032 nje, si 100033. Anayefanya `chown` (kubadili mwenye faili) kwa kukisia huteleza hapa, akabaki na saraka isiyoandikika.

Rudi dirisha la kwanza uandike `exec bash`. Bila hivyo `id` itasema 0 lakini mkono mtupu: mamlaka yalipotea bash ya kwanza ilipoanza kabla ramani haijawepo.

Ramani huandikwa mara moja, kwa mkupuo mmoja. Jaribio la pili hujibiwa "Operation not permitted". Jibu hilohilo hutoka ukiandika `/proc/4321/gid_map` (faili la ramani ya makundi) kwa mkono bila mamlaka na bila kutia kwanza `deny` kwenye `/proc/4321/setgroups`. Sharti hili lina maana: yapo mafaili yanayolinyima kundi fulani huku yakiwaruhusu wengine wote, na anayeweza kujivua kundi hilo angepita.

Ukiunda kiolesura cha kerneli, geuza namba mpakani tu. Inapoingia, `make_kuid` kwa neimspesi ya mtumaji. Inapotoka, `from_kuid` kwa ya msomaji. Katikati shika `kuid_t` pekee, yaani namba ya kerneli yenyewe isiyotegemea neimspesi. Namba isiyo na ramani ikiingia, ikatae kwa EINVAL (kosa la thamani batili) kama `chown` inavyofanya. Ikitoka kwa kuonyeshwa tu, kama kwenye `stat` (taarifa za faili), 65534 inatosha. Ila usitoe ruhusa kwa kuitazama 65534, maana wenye mafaili kumi tofauti wote huonekana hivyo. Programu inayopokea maombi kwa soketi ya Unix (njia ya programu za mashine moja kuwasiliana) isome `SO_PEERCRED`, utambulisho wa aliye upande wa pili, ambayo kerneli huitafsiri yenyewe, wala isiamini namba iliyoandikwa ndani ya ujumbe.

Saraka inayotumiwa na kontena kadhaa usiipigie `chown` upya kila mara. Kuanzia kerneli 5.12, maunti (pale mfumo wa mafaili au saraka inapounganishwa) inaweza kubeba ramani yake bila kugusa diski. Kuiweka kunahitaji root wa mashine, na mfumo wa mafaili uwe unaikubali. Ext4 imo tangu mwanzo.