Trei ya shawa imepasuka? Shida iko chini, si juu

Mafundi wengi wa hapa Nairobi ukiwaita kwa sababu trei ya shawa, ile sinia unayosimama juu yake ukioga, imepasuka wanakuja na tyubu ya silikoni, wanapaka juu ya ufa, wanalipwa wanaenda, na baada ya muda maji yanaanza kudondoka tena kwa dari ya jirani wa chini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa, lakini wahenga hawakuwa wanaoga juu ya trei ya akriliki iliyoegeshwa kwa vipande vinne vya mawe. Huo ufa ni dalili tu. Trei imepasuka kwa sababu chini yake kuna hewa, na bora hio hewa iko hapo, kila ukikanyaga inabonyea na chochote ulichopaka juu kitabanduka.

Kwanza kabisa zima swichi ya instanti shawa, ile inayopasha maji kwa umeme. Kama maji yanaingia kwa dari ya chini na hapo kuna taa, mwambie jirani azime hio taa pia na asiiguse. Halafu acheni kuoga hapo, ogeni na karai mahali pengine, maana kila siku mnayoendelea slabu inazidi kunywa maji.

Sasa kagua. Kausha trei kabisa, chora na kalamu alama ndogo kwa ncha mbili za ufa ndio baadaye ujue kama unaendelea, kisha panda bila viatu uhamishe uzito polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Ikilia krr krr, ama ufa ukifunguka na kufunga, hapo chini hakuna kitu. Gonga na kifundo cha kidole kila mahali, penye pameshikwa patatoa sauti nzito na penye ni patupu patalia kama debe. Utashangaa, mara nyingi ni kona tu ndio ziko na simiti na katikati, pale mtu anasimama na uzito wake wote, ni patupu.

Kama ni vijistari vidogo juu ya rangi tu na trei haibonyei, hio unaeza isafisha, uweke epoksi, uipige msasa laini na uendelee na maisha. Kama ufa umepenya mpaka chini, trei lazima itoke. Na maoni yangu, ufa ukiwa mrefu kuliko shubiri ama ukiwa umefika kwa tundu la maji, nunua trei nyingine tu, usipoteze pesa kuifufua. Ya kauri ikipasuka pia ni kutupa. Mpangaji piga picha na video kabla hujagusa kitu, umtumie keateka na landilodi kwa maandishi, juu ukianza kubomoa bila ruhusa hata kama nia yako ni nzuri, dipoziti ndio itaongea.

Kuna watu watakwambia pulizia fomu ile ya kufura kupitia tundu dogo kwa upande. Mimi siiamini kwa kazi hii. Ikifura sana inainua trei na kuharibu usawa, ikifura kidogo inaacha mapengo, na wewe huoni chochote kinachoendelea huko ndani.

Kuitoa: kata silikoni yote ya pembeni na kisu, ondoa mstari wa taili za chini kama zimeikalia trei (na kwa kawaida zimeikalia, hivo tafuta taili za kufanana mapema), fungua wasti (kile kifaa cha tundu la maji kinachoshika bomba), kisha watu wawili muinue taratibu. Ziba bomba na kitambaa mara moja, moja kwa sababu ya harufu na pili kwa sababu vipande vya simiti vikiingia humo umejitafutia kazi ingine. Futa uchafu wote, tindua simiti iliyolegea, na uache slabu ikauke vizuri hata kama watu wa nyumba wanalalamika.

Ukiamua kuirudisha ileile trei, kiraka kinapigwa kutoka chini. Toboa tundu dogo la kama milimita 3 kwa kila ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia, kwaruza na msasa mkali, pangusa na spiriti, halafu weka matabaka mawili matatu ya faiba na resini, ipite ufa kwa sentimita kama 5 kila upande. Resini na hadina yake, ile dawa ya kuigandisha, wanauza kule wanakouza rangi za magari, ni vitu vilevile mafundi wa bodi wanatumia. Fuata vipimo vya kwa mkebe, vaa glavu, fungua dirisha.

Kisha ndio kitanda chenyewe, yaani simiti itakayobeba trei, na hapa ndio usikae mbali na fundi. Weka trei kavu kwanza uone kama inaingia na kama bomba linafikia. Bomba la milimita 40 liwe na mteremko wa sentimita 2 hadi 4 kwa kila mita, na trapu (ile kona ya bomba inayobaki na maji ya kuzuia harufu) iwe mahali utaeza kuifungua siku ingine. Changanya simiti moja kwa mchanga nne au tano, maji kidogo sana, yaani ukiufinya mkononi unashikana lakini haudondoki. Lowesha slabu, mwaga mchanganyiko eneo lote isipokuwa mahali pa wasti, uwe juu kidogo kuliko unavyohitaji na uukwaruze mistari na mwiko ili ukikandamizwa upate pa kwenda. Shusha trei, bonyeza pole pole kuanzia katikati, pima usawa na pimamaji kwa urefu na upana. Trei inawekwa sawasawa kabisa, mteremko wa maji tayari uko ndani yake, usikubali ile ya "tuinamishe kidogo". Kama trei imekuja na miguu yake na karatasi ya maelekezo, fuata hio karatasi. Asikanyage mtu hapo mpaka simiti ishike, angalau siku nzima, na hio ndio faida pekee ya mgao wa maji, chagua siku ambayo mifereji iko kavu.

Kabla ya silikoni mwaga ndoo nzima ya maji uangalie trapu kama kuna tone.

Sasa mitungi ya lita 20 ambayo kila nyumba Nairobi inayo: jaza minne, uipange ndani ya trei, hio ni kilo 80, halafu ndio upake silikoni ya bafu, ile ya kuzuia ukungu. Uzito unahakikisha silikoni inakauka trei ikiwa imekaa vile itakaa mtu akioga. Acha mitungi hapo saa 24. Taili za ukutani, ambazo unazirudisha kabla ya silikoni, zishuke zikae juu ya mdomo wa trei, zisipite nyuma yake.

Mkianza kuoga, nenda kwa jirani wa chini na penseli umwombe uchore mzingo wa lile doa la dari. Doa la zamani linachukua muda kukauka, hio isikutishe. Likivuka mstari na trapu na silikoni ziko sawa, anza kushuku bomba lililo ndani ya ukuta linalopeleka maji kwa shawa, na huyo ni plamba mwingine na siku nyingine.