Kueleza Historia Isiyo ya Kawaida Unapoomba Kusomea Sheria Marekani

Mwombaji aliyekuwa muuguzi, fundi umeme au mwanamuziki hana sababu ya kuomba radhi katika maelezo binafsi, yaani insha fupi ya kujieleza anayopeleka kwenye shule ya sheria ya Marekani, kwa kuwa Chama cha Mawakili cha nchi hiyo hakipendekezi shahada yoyote mahususi kabla ya masomo hayo. Nafasi yenyewe ni finyu, aghalabu kurasa 2, kwa hiyo usisimulie maisha yako yote. Chagua tukio moja la kazini, kwa mfano usiku ambao muuguzi alitilia shaka kama mgonjwa aliyechanganyikiwa ameielewa fomu ya ridhaa ya upasuaji aliyotakiwa kuitia saini. Kisha onyesha ulivyopima ushahidi, kanuni na utu wa mtu, na jinsi swali hilo lilivyokusukuma kuitafuta sheria. (Kudai kwamba umependa haki tangu utotoni hakuthibitishi lolote.) Alama duni au pengo la miaka vieleze kwa ufupi katika nyongeza tofauti, iwapo shule inairuhusu. Rasimu ikikamilika, mpe msomaji asiyeijua kazi yako. Akikwama kwenye istilahi, andika upya sehemu hiyo kwa lugha nyepesi.