Namna ya Kutunga Maswali ya Chemsha Bongo Kuhusu Rasi ya Uarabuni

Hadhira ya Waswahili haifiki mikono mitupu kwenye chemsha bongo kuhusu Rasi ya Uarabuni. Yuko aliyehiji Makka, yuko aliyefanya kazi Doha au Dubai, yuko mwenye ndugu Maskati, na yuko ambaye babu yake alishuka jahazini akitokea Hadhramaut. Hilo huchangamsha ukumbi, lakini pia humtia mtunzi matatani, kwa kuwa swali lililoandikwa kizembe litapata majibu mawili yenye hoja, na mwamuzi atabaki akiamua kwa kubahatisha. Kwa hiyo lengo la mtunzi lisiwe kutafuta mambo ya ajabu tu, maana hayo yamejaa tele. Liwe kuyauliza kwa namna ambayo jibu moja peke yake litasimama hata atakaponyoosha mkono mtu anayeijua nchi hiyo kuliko yeye.

Anza na mipaka, na uisome kwa sauti kabla ya swali la kwanza. Rasi ya Uarabuni ndiyo kubwa kuliko rasi zote duniani, ikiwa na eneo la takriban kilomita za mraba milioni 3.2. Magharibi yake ipo Bahari ya Shamu, kusini ipo Ghuba ya Aden na Bahari ya Uarabuni, na mashariki zipo Ghuba ya Oman na ile ghuba ambayo Wairani huiita ya Uajemi na Waarabu huiita ya Kiarabu. Mwagize mwamuzi akubali majina yote mawili ya ghuba hiyo bila mjadala. Ukishafika kwenye idadi ya nchi, tahadhari. Kwa kawaida hutajwa saba: Saudia, Yemen, Oman, Falme za Kiarabu, Qatar, Bahrain na Kuwait. Hata hivyo Bahrain ni visiwa, vilivyounganishwa na Saudia kwa njia ya Mfalme Fahd iliyofunguliwa mwaka 1986, na kwa upande mwingine sehemu za kusini za Iraq na Jordan huhesabiwa na wanajiografia wengi kuwa ndani ya rasi. Swali la “Rasi ya Uarabuni ina nchi ngapi?” kwa hiyo ni la kutupwa. Mahali pake uliza hivi: “Kati ya Qatar, Kuwait na Bahrain, ni nchi gani ambayo yote ni visiwa?” Hapo hakuna wa kubisha.

Maneno yanayohitaji kukaguliwa kuliko yote ni “kubwa kuliko”, “refu kuliko” na “wa kwanza”. Chukua jangwa la Rub' al Khali, yaani Robo Tupu, lililoenea Saudia, Oman, Falme za Kiarabu na Yemen kwa takriban kilomita za mraba 650,000, eneo linaloishinda Kenya nzima. Si jangwa kubwa kuliko yote duniani, wala halikaribii Sahara. Sifa yake ni kwamba ndilo eneo kubwa zaidi la mchanga mtupu usiokatika, na sifa hiyo lazima iandikwe ndani ya swali. Jangwa hilohilo ndilo lenye mtego wa pili. Vitabu vingi husema kwamba Mwingereza Bertram Thomas alikuwa wa kwanza kulivuka, alipotoka Salalah mwishoni mwa mwaka 1930 na kufika Doha mwanzoni mwa 1931. Ukweli ni kwamba aliongozwa na Mabedui wa kabila la Rashid, watu waliojua visima vilipo na maji yake yana chumvi kiasi gani, na asingepiga hatua bila wao. Andika “Mzungu wa kwanza anayejulikana kuvuka Robo Tupu”, na swali litakuwa la kweli na la haki. Kisha ongeza la nyongeza kwa wanaojiona wajuzi: ni Mwingereza gani mwingine aliyelivuka mwaka 1932 kwa njia tofauti? Jibu ni Harry St John Philby.

Kwa milima, uliza jina na nchi, usiulize mita. Mlima mrefu kuliko yote katika rasi ni Jabal an-Nabi Shu'ayb, ulio Yemen karibu na Sanaa, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,600. Lakini vipimo vya milima ya huko hutofautiana kutoka ramani moja hadi nyingine, na Jebel Shams ya Oman una vimo kadhaa vilivyochapishwa, vyote vikizunguka mita 3,000. Swali la mito ni jepesi zaidi: nchi kubwa kuliko zote duniani isiyo na mto hata mmoja wa kudumu ni Saudia.

Tarehe zinataka uangalifu wa aina nyingine, na hapa ndipo nimeona chemsha bongo nyingi zikivurugika. Tatizo si kwamba tarehe hazijulikani, bali ni kwamba tukio moja lina tarehe mbili au tatu, kila moja ikiwa sahihi kwa namna yake. Saudia “ilianza” lini? Abdulaziz ibn Saud aliitwaa Riyadh mwaka 1902, akaichukua Hijazi, eneo lenye Makka na Madina, katika miaka ya 1920, na ufalme ukapewa jina lake la sasa tarehe 23 Septemba 1932. Yemen nayo “ilipata uhuru” lini? Waingereza, waliouteka mji wa Aden mwaka 1839, waliondoka Novemba 1967, na Yemen mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, zikaungana tarehe 22 Mei 1990. Dawa yake ni kuuliza tukio lenyewe kwa jina lake: mwaka wa kutwaliwa Riyadh, mwaka wa kuungana kwa Yemen mbili, siku ya kutangazwa kwa ufalme.

Falme za Kiarabu zinatoa swali ninalolipenda kuliko mengi, kwa sababu hata waliokaa huko miaka hulikosa: “Tarehe 2 Desemba 1971, Umoja wa Falme za Kiarabu ulipoundwa, ulikuwa na falme ngapi?” Karibu wote watasema saba. Zilikuwa sita, Ras al-Khaimah iliingia Februari 1972. Swali la namna hii linamnasa mjuzi bila kumdanganya, mradi tarehe imetajwa wazi ndani yake.

Kipindi cha Oman na Unguja kinahitaji mtunzi akae nacho kwa muda, kwani ndicho ambacho washiriki wetu watakidai. Mambo mengi hapo ni imara. Waomani waliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, wakaizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1696, na wakaitwaa mwaka 1698. Kinachoyumba ni mwaka ambao Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja: baadhi ya vitabu vya shule husema 1832, vingine 1840, na kila kimoja kina sababu, kwa maana alikwenda na kurudi mara kadhaa kabla ya kutulia. Ukiulizia mwaka huo umenunua ugomvi. Sogea mbele kidogo, ambako pana utamu zaidi. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856, wanawe Thuwaini wa Maskati na Majid wa Unguja wakashindania urithi, na mwaka 1861 Lord Canning, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza nchini India, akaamua nchi hizo zitengane, Unguja ikiilipa Maskati reali 40,000 kila mwaka. Kutoka aya hiyo moja yanatoka maswali manne yasiyo na shaka: mahali alipofia, majina ya watoto wawili, aliyetoa uamuzi, na kiasi cha malipo. La malipo liweke mwishoni, kwa kuwa ndilo gumu.

Baada ya kuwa na mambo ya kuuliza, tengeneza baadhi ya maswali kwa ngazi, ambapo dokezo gumu hutangulia na jepesi hufuata, ili mwenye elimu zaidi ajibu mapema na apate alama zaidi. Mfano kamili ni huu: “Kuanzia Juni hadi Septemba, wakati sehemu kubwa ya rasi inaungua kwa jua, milima iliyo nyuma ya mji huu hufunikwa na ukungu na manyunyu na kuwa kijani. Mkoa wake ni maarufu kwa mti wa ubani. Uko kusini mwa Oman, katika Dhofar. Ni mji gani?” Jibu ni Salalah. Msomaji wa pwani atafurahi kuelezwa baadaye kwamba upepo unaoleta ukungu huo ni ndugu wa kusi yetu, ambayo ikishavuka ikweta hugeuka na kuvuma kutoka kusini-magharibi. Angalia pia kwamba jina la Oman limecheleweshwa hadi sentensi ya tatu. Lingetajwa mwanzo, ngazi yote ingekuwa imebomoka.

Unapotoa majibu ya kuchagua, majibu ya uongo yachotwe kwenye makosa ambayo watu huyafanya kweli. Reli ya Hijazi ilianzia Damascus na kufika Madina mwaka 1908, na haikufika Makka kamwe. Basi ukiuliza kituo chake cha mwisho cha kusini, weka Makka, Jeddah na Taif kando ya Madina, wala usiweke Cairo ambayo hakuna atakayeichagua. Vivyo hivyo kwa makaburi yaliyochongwa na Wanabatea, watu wa kale wa Uarabuni, katika miamba ya Mada'in Salih: jibu la uongo lenye nguvu ni Petra, ambayo ni kazi ya watu haohao lakini iko Jordan. Mada'in Salih ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya Saudia kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, mwaka 2008. Kwa mafuta, kumbuka kwamba Bahrain ilitangulia, mwaka 1932, na kisima namba 7 cha Dammam nchini Saudia kikatoa mafuta ya kibiashara mwaka 1938. Kwa hiyo ukiuliza mafuta yalipoanza, taja nchi kwa jina ndani ya swali.

Habari zinazogusa dini ziulizwe kwa adabu na kwa kutaja chanzo. Bwawa la Marib, lililojengwa na watu wa ufalme wa kale wa Saba katika Yemen ya leo, ni jambo la akiolojia na pia limo katika Qurani. Ukiuliza “Kwa mujibu wa sura ya Qurani iitwayo Saba, ni nini kilichowapata watu hao walipogeuka?”, jibu ni mafuriko, na swali linabaki mahali pake.

Mwisho, andika kadi ya mwamuzi kwa kila swali: jibu, matamshi mengine yanayokubalika, kama Maskati na Muscat au Robo Tupu na Rub' al Khali, na sentensi moja ya maelezo ya kumsomea atakayepinga. Idadi za watu, bei na utajiri ziache kabisa, au ziandikie mwaka, kwani hubadilika kabla kadi haijachakaa. Kisha tenga swali moja la kuvunja sare, ambalo kila upande huandika namba kwenye karatasi na wa karibu zaidi hushinda. Kimo cha Burj Khalifa ya Dubai, mita 828, kinafaa kwa kazi hiyo: wengi wanajua kwamba ni zaidi ya mita 800, na kinachobaki kukisiwa ni hizo chache za juu.