Mwalimu, nyamaza kwanza: somo la kadi za picha kwa mtoto mwenye usonji

Nafundisha kitengo maalum katika shule ya msingi hapa Kisumu. Mtoto asiyezungumza akiletwa, wengi wetu huanza na "sema maji, sema maji". Nilifanya hivyo muhula mzima, nikaambulia mtoto wa miaka mitano anayeziba masikio akiniona tu.

Sasa natumia PECS, mfumo wa kubadilishana picha uliobuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost. Una hatua sita. Nitakaa sana kwenye ya kwanza, maana ndipo tunapoharibu.

Kwanza jua anachopenda, si unachodhani anapenda. Weka mezani mandazi, ndizi, mpira, kisha utazame mkono unakwenda wapi. Wangu alivipita vyote, akaenda kwenye kifuniko cha sufuria ya uji akakizungusha sakafuni. Basi kadi yake ya kwanza ikawa ya kifuniko. Kipige picha kwa simu, ichapishe sayba, kwenye duka la kompyuta, bandika kwenye katoni, funika kwa selotepu pana. Bila selotepu, mate yataimaliza kabla ya Jumatano.

Sasa watu wazima wawili. Mimi nakaa mbele na kifuniko, msaidizi nyuma ya mtoto, kadi mezani. Mtoto akinyoosha mkono kukitaka, msaidizi anauongoza uiokote kadi, uiweke kiganjani mwangu. Papo hapo nampa: "Kifuniko!" Msaidizi haongei kabisa. Nami siulizi "unataka nini?", maana atazoea kungoja aulizwe, na tunataka aanze yeye. Msaada upunguzwe kuanzia mwishoni: kwanza aiachilie kadi kiganjani mwenyewe, halafu aipeleke mwenyewe, mwisho aiokote mwenyewe.

Akizoea, sogea hadi mlangoni akufuate. Kisha kadi mbili, ya anachopenda na ya asichojali, tuseme soksi. Akikupa ya soksi, mpe soksi. Uso wake utakuambia. Kuunga "nataka" na picha, kujibu swali, na kusema anachoona ni hatua za baadaye, huenda miezi.

Maswali

*Mama, Nyalenda:* Mwalimu, akizoea kadi si atakataa kuongea kabisa?
Hapana, mama. Kadi haizuii maneno, na wapo wanaoanza kutamka kadi ikiwa mkononi. Ila siwezi kukuahidi kwamba wako ataongea.

*Mwalimu, Kakamega:* Nina watoto 60, sina msaidizi.
Pole, mwenzangu. Mimi huomba mzazi mmoja dakika kumi saa ya uji, kwani hapo mtoto ana sababu ya kuomba. Na kama hajafanyiwa tathmini, wazazi wampeleke kituo cha EARC kilicho karibu, yaani kituo cha kutathmini mahitaji ya mtoto kielimu.

*Nyanya, Ahero:* Nyumbani ni Dholuo tu. Tuandike "maji" au "pi"?
Picha ni ile ile, dani. Akikupa, wewe sema "pi", mwalimu wake aseme "maji". Lugha mbili hazimdhuru. Muhimu kadi ikae anapoifikia, isifungiwe kabatini.

*Baba, Kondele:* Akileta kadi mara hamsini kwa siku?
Siku za mwanzo mpe kila mara. Kadi ya "ngoja" itakuja baadaye. Wangu alinifuata nayo hadi mlango wa choo.